Kabla Hujauza Ng'ombe Ukafungue Kampuni ya Utalii Ng'ambo ya Mpaka

Mwisho wa Julai 2025, kama saa mbili usiku, nilikuwa pale stendi ya Kiminini nikingoja chipsi, simu ikalia. Namba ilianza na 255. Nikajua ni jamaa yetu wa Arusha. Hakuuliza habari za nyumbani, hakuuliza kama mvua imenyesha ama mahindi yako aje. Alisema tu, "Umeiona hiyo amri?"

Nilikuwa nimeiona. Pengine wewe pia uliiona, ukacheka mizaha ya vinyozi iliyokuwa inazunguka mtandaoni, ukapita. Sisi hatukucheka. Tulikuwa watano kwenye chama, kila mtu anatoa mia tano kila Jumapili tangu Januari 2024, na tulikuwa tumefikisha laki mbili na kitu. Pesa hizo zilikuwa na kazi moja tu: kufungua kampuni ya kutembeza watalii Arusha. Jamaa yetu ndiye angekuwa mtu wa mbele, maana alishakaa huko miezi minane akiongoza wageni. Mama ya mmoja wetu alikuwa amekubali kuuza mtamba wake ili mwanawe aongeze hisa. Mnunuzi alikuwa ameshakuja kumkagua mara mbili.

Ndiyo maana naandika haya. Kila wiki napata ujumbe wa namna moja: "Kaka, nataka kufungua kampuni ya utalii Zanzibar, nianzie wapi?" Ama Arusha, ama Kigali, ama Jinja. Mmeona video za vijana wenzetu wakiwa wamevaa kofia za safari, nyuma kuna twiga, na mnaona ni rahisi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo sitajifanya wakili. Lakini nimesoma sheria hizi usiku mwingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote darasani, kwa sababu pesa ilikuwa yangu.

Haya, tuanze na amri yenyewe. Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri inayokataza mtu asiye raia kufanya biashara za aina 15. Watu wengi walisema ililengwa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wa huko walikuwa wamelalamika muda mrefu kuhusu wageni, hasa Wachina, kuuza rejareja hadi vitu vya mkononi. Lakini amri haikuandikwa "Mchina". Iliandikwa "asiye raia", na wewe wa Kiminini ni asiye raia kule sawasawa na mtu wa Shanghai.

Kwenye orodha utakuta kutuma na kupokea pesa kwa simu, kurekebisha simu, saluni (isipokuwa ikiwa hotelini au kwa ajili ya utalii), usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, udalali, kununua mazao shambani. Halafu unateremka kidogo, unaikuta yetu: kuongoza watalii ndani ya nchi. Na hapo karibu, kuendesha makumbusho na maduka ya vinyago na zawadi.

Adhabu? Asiye raia akipatikana, faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, ambazo kwa pesa zetu ni karibu nusu milioni, au kifungo kisichozidi miezi sita, na juu ya hayo anaweza kunyang'anywa viza na kibali cha ukaazi. Hii nyingine isome mara mbili: Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana faini ya milioni 5 za kwao au kifungo cha miezi mitatu. Waliokuwa na leseni halali waliruhusiwa kuendelea hadi leseni hizo ziishe muda wake.

Waziri wetu wa Biashara, Lee Kinyanjui, alilalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na kuahidi kwamba raia wa nchi wanachama wataweza kufanya kazi na kufungua biashara kwa majirani. Mimi nilikuwa upande wa Kinyanjui kabisa. Nilikaa usiku huo natuma ujumbe wa hasira kwenye kila kundi nililomo. Jumuiya gani hii? Undugu gani huu?

Kesho yake nikatulia, nikampigia jamaa yetu, nikamuuliza swali ambalo tungemuuliza kabla hata ya kuanza chama. "Wewe kibali chako cha kazi ni cha daraja gani?"

Kimya.

"Ndugu yangu?"

"Mwajiri alisema atashughulikia," akasema.

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Jamaa alikuwa ameingia Namanga na pasi ya mgeni. Kama raia wa Afrika Mashariki unapewa pasi ya kukaa hadi miezi sita bila kulipa, na vijana wengi wanadhani hiyo pasi ni ruhusa ya kufanya kazi. Si ruhusa ya kazi. Ni ruhusa ya kuwa pale. Unaweza kumtembelea shangazi, kuangalia mlima, kula chipsi mayai, kurudi nyumbani. Siku utakapopokea pesa kwa kumwongoza mtu ndani ya mbuga, unahitaji karatasi nyingine. Na jamaa yetu alikuwa akitoka Namanga na kuingia tena ili muhuri uwe mpya, akifikiri anaheshimu sheria.

Tena kuna jambo baya zaidi. Hata kama mwajiri wake angeomba kibali, kazi ile ilishafungwa zamani. Sheria ya Utalii ya Tanzania ya mwaka 2008 iliweka kando shughuli fulani kwa ajili ya Watanzania peke yao: uongozaji watalii, kupandisha watu mlima, kukodisha magari, wakala wa safari. 2008! Mimi nilikuwa darasa la pili, sijui hata Arusha ni nini. Kwa hivyo amri ya Julai haikumfukuza jamaa yetu. Alikuwa nje ya sheria tangu siku ya kwanza aliyopanda kiti cha mbele cha Land Cruiser. Amri iliongeza tu meno.

Hili ndilo ningependa ulishike kabla ya kusoma zaidi, kwa sababu ndilo lililotupotezea mwaka na nusu. Ukiuliza, "Je, mgeni anaruhusiwa kufungua biashara ya utalii Tanzania?" jibu ni ndiyo. Wageni wanamiliki kambi, hoteli, na kampuni za kutembeza watalii. Unasajili kampuni BRELA, unapata namba ya mlipa kodi TRA, unaomba kibali cha ukaazi daraja A, ambacho ni cha wawekezaji na wenye biashara zao, halafu unaomba leseni ya biashara ya utalii kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Mlango upo. Lakini mlango huo umetengenezwa kwa mtu mwenye mtaji, si mtu mwenye miguu. Mwenye milioni zake ataajiri Mtanzania aongoze wageni, yeye akae ofisini asaini hundi. Sisi watano wa Kiminini hatukuwa na pesa ya kukaa ofisini. Mpango wetu ulikuwa sisi wenyewe tuwe waongozaji, madereva, wapishi, kila kitu. Na hizo kazi za mikono ndizo hasa sheria inazomwekea mwenyeji.

(Kidokezo kidogo kabla sijasahau: TRA ya Tanzania ni watu wa kodi. TRA ya Kenya, kwenye mambo haya, ni Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ile ya Sheria ya Utalii ya 2011. Nilipoteza siku nzima nikisoma fomu za kodi nikidhani ni za leseni ya utalii. Usicheke.)

Na wale wa Zanzibar: msichukue karatasi za Bara mkadhani zinafanya kazi Unguja. Uhamiaji ni wa Muungano, lakini leseni za biashara na utalii si za Muungano. Zanzibar ina Kamisheni yake ya Utalii, ina mamlaka yake ya uwekezaji, ZIPA, na sheria zake. Soma za kule.

Sasa, nilipomaliza kukasirikia Tanzania nikaamua kuangalia kwetu, nikitarajia kukuta tuko watakatifu. Ndugu msomaji, hatuko. Mgeni anayetaka kuja kufungua biashara yake Kenya anahitaji kibali cha daraja G, na anatakiwa kuonyesha mtaji wa dola 100,000. Hiyo ni karibu milioni 13 za hapa. Mwaka jana kuna Mjerumani mmoja kijana alipenda sana Saiwa, ile mbuga ndogo kuliko zote nchini hapo juu ya Kitale, yenye nzohe wanaotembea kwenye kinamasi kama wamevaa gambuti. Alitaka kuweka mahema matatu tu na kuleta watu wa kuangalia ndege. Nilipomwambia dola laki moja alifikiri namtania. Akaniuliza, kwa mahema matatu? Kwa mahema matatu, nikamwambia. Alirudi kwao na darubini zake.

Kwa hivyo kila nchi ina ukuta wake. Wetu ni wa pesa, wa Tanzania ni wa aina ya kazi. Ukuta wa pesa unamwacha tajiri apite. Kwa maoni yangu, ule wa aina ya kazi una haki zaidi kwa kijana wa kule, hata kama mimi ndiye uliyenigonga. Kijana wa Karatu ambaye kitu pekee alicho nacho ni kujua simba analala wapi, kwa nini ashindane na mimi na Kiingereza changu cha Kitale? Lakini pia, kama tuliambiwa tuna soko moja, basi tungeambiwa mapema kwamba soko hilo lina vibanda ambavyo hatutauza.

Wazee wetu wangetuambia, tungeuliza. Khocha wangu, kaka ya mama, aliendesha magari ya watalii Nairobi miaka ya tisini. Nilipomweleza habari ya Arusha alicheka mpaka akakohoa. "Mwipwa, hiyo vita ni ya zamani kuliko wewe." Akanipa historia yote pale kwenye kiti chake, na baadaye nikaenda kuhakikisha, nikakuta ni kweli. Mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya na magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa upande wa pili yakazuiliwa huko huko. Kabla ya hapo watalii walikuwa wakilala Nairobi, wanateremka Mara, wanavuka pale Bologonja wanaingia Serengeti, wanarudi Nairobi kulipa hoteli. Tanzania ilikuwa na wanyama, Kenya ilikuwa na pesa. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, lakini Bologonja haijawahi kufunguliwa kwa watalii. Nyumbu wanavuka kila mwaka bila kuulizwa, mtalii anazunguka.

Mwaka 1985 nchi hizi mbili ziliandikiana mkataba wa utalii. Basi la watalii la Kenya linawafikisha wageni wake mpakani, Namanga kwa mfano, wanashuka na mabegi yao, wanapanda gari la Tanzania. Hivyo hivyo kwa upande mwingine. Desemba 2014 Kenya iliamua kuutumia mkataba huo kwa ukali na kuyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tanzania ikajibu Machi 2015 kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Ilibidi marais Kenyatta na Kikwete wakutane Namibia ndipo mambo yakapoa. Yaani ndege zilipungua kwa sababu ya matatu za watalii!

"Sasa sisi tulifanyaje kazi?" Khocha akaendelea. "Tulikuwa na watu wetu Namanga. Mimi namkabidhi mgeni kwa Mtanzania, yeye akiwa na wake ananikabidhi mimi. Hakuna aliyetaka kuwa mwenye nyumba kwa mwenzake."

Sikumsikiliza vizuri siku ile. Nilikuwa bado nasumbuliwa na wazo lingine, na lazima nikukiri, kwa sababu najua nawe litakujia. Jamaa yetu alikuwa na rafiki huko, mtoto wa mama mwenye nyumba aliyopanga, Mtanzania safi. Kwa nini tusisajili kila kitu kwa jina lake? Sisi tutoe pesa, yeye atoe kitambulisho, tumpe asilimia kumi. Kwenye chama wazo hili lilipigiwa makofi.

Nilikesha usiku mmoja nikilifikiria. Ukimwandikisha mtu mwingine kuwa mwenye kampuni, yeye ndiye mwenye kampuni. Akiamka siku moja akasema hawajui nyinyi ni akina nani, utakwenda mahakama gani ukaeleze kwamba mlikubaliana kudanganya? Gari litakuwa lake. Akaunti itakuwa yake. Na baada ya Julai 2025 tungekuwa tunamwomba kijana wa watu aweke shingo yake kwenye faini ya milioni tano kwa ajili ya asilimia kumi. Mama yake ndiye aliyekuwa akimpa jamaa yetu wali siku ambazo hakuna mgeni. Nilipiga kura ya hapana, na jamaa yetu pia, wa tatu akatufuata. Wawili bado wanaamini tulikuwa waoga.

Agosti nikaamua kwenda kuangalia upande mwingine, ule ambao tulikuwa tumeudharau kwa sababu uko karibu mno. Ukisimama Kiminini asubuhi mvua ikiwa imenyesha usiku, unauona Mlima Elgon wote, mpana kama nyumba iliyoezuliwa paa. Sisi Wabukusu tunauita Masaba. Nusu yake iko Kenya, nusu iko Uganda, na kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko kwao. Sisi tuna mapango: Kitum, ambako tembo huingia gizani usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe. Sijui sehemu nyingine duniani ambako utamwonyesha mgeni kitu kama hicho, na kiko chini ya saa mbili kutoka ninapokaa.

Nilipanda matatu Kitale, Endebess, Suam. Mpakani nilitoa kitambulisho tu. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kutoka Suam hadi Kapchorwa ni kilomita 73, siku hizi lami, na konda alikuwa anazungumza Kisabaot na abiria wa Uganda kama watu wa kijiji kimoja, maana kwa kweli ni watu wamoja, Wasabaot wa kwetu na Wasebei wa kule. Ukizunguka mlima hadi Mbale utakutana na Wagisu, na mimi na Kibukusu changu nitaelewana nao bila mkalimani. Nikajiambia, hapa hakuna ugeni. Hapa nitafungua ofisi wiki ijayo.

Sheria za Uganda kweli ni laini kwetu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutolipishana ada ya vibali vya kazi kwa raia wao. Lakini kutolipa ada si kutohitaji kibali, na hapo ndipo wengi wanateleza tena. Unaomba kibali, cha biashara ni daraja D, unaonyesha kampuni iliyosajiliwa na ofisi ya usajili, URSB, unapata namba ya kodi, unapata leseni ya biashara kutoka serikali ya mtaa, halafu unakwenda Bodi ya Utalii ya Uganda kwa leseni ya utalii yenyewe. Waongozaji nao wanatakiwa kusajiliwa na bodi hiyo hiyo. Na ndani ya hifadhi, hata ukiwa na makaratasi yote ya dunia, kupanda mlima unapanda na askari wa wanyamapori wa UWA. Haendi mtu peke yake.

Pale Kapchorwa nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watu mlima na kuwapeleka maporomoko ya Sipi. Ofisi yake ni chumba kimoja, nje kuna viatu vya kupandia vimeanikwa. Nilimsalimu, nikaketi, nikamweleza kwa kirefu jinsi nitakavyofungua kampuni mjini kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akaniuliza, "Kijana wangu, huko Endebess kuna mtu wa kupokea wageni wangu?"

"Wageni gani, mzee?"

"Kila mwaka napata wageni wanaotaka kupanda kwetu na kuteremkia kwenu. Askari wa UWA anawafikisha kwenye mpaka huko juu, kwenye chemchemi za maji moto, wa KWS anawachukua. Wakiteremka Kenya hakuna wa kuwalaza, hakuna gari, hakuna wa kuwaonyesha hayo mapango yenu. Wanashuka wamechoka, wanakwenda zao Nairobi. Na wewe unataka kuja kuuza Sipi?"

Nikanyamaza. Khocha wangu alikuwa amesema jambo lile lile kwa maneno mengine, na wakati ule niliona ni habari za uzee.

Tulikaa naye hadi jioni tukiandika kwenye daftari. Wacha nikupe tuliyoyaandika, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea, na hakuna video itakayokuambia. Mgeni analipa nani, na lini? Tukakubaliana kila upande ulipwe na mgeni kwa siku zake, kila mmoja kwa risiti yake na kodi yake, ili pesa ya Kenya isilale Uganda wala ya Uganda isilale Kenya. Mgeni akiugua juu ya mlima, bima ni ya nani? Yule ambaye mgeni yuko upande wake wakati huo, na mpaka ni chemchemi, si geti. Mgeni akighairi wiki moja kabla, nani anabaki na amana? Mzee alitaka yote, mimi nikataka nusu, tukaishia theluthi. Uhamiaji je? Juu mlimani hakuna ofisi ya kugonga pasipoti, kwa hivyo kila kundi lazima lipange na uhamiaji na ofisi za hifadhi zote mbili kabla ya kuanza kupanda, na jina la kila mgeni liwepo. Mtalii anayetaka kuvuka na kurudi anaweza kuomba ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki, dola 100 kwa siku 90, inayokubalika Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania hawamo. Bila hiyo atalipia kila nchi kivyake, na wengi hawaambiwi mapema.

Mzee alikataa kupeana mkono tu. "Leta mkataba ulioandikwa na wakili," akasema. "Undugu tutauweka kwenye chai."

Kwa hivyo sasa tunafanya nini? Tunafanya mambo ambayo tulikuwa tumeyaruka kwa sababu yalionekana ya kishamba. Tumesajili kampuni kwetu, kwenye eCitizen. Tumeomba leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Gari hatuna, na hatununui. Tutakodi kwa mtu ambaye gari lake lina leseni ya kubeba watalii kutoka NTSA, kwa sababu matatu ya Kiminini kwenda Kitale ukiipaka rangi ya pundamilia haiwi gari la watalii, hata kama dereva ni binamu yako. Wakili wa Kitale ametuandikia mkataba wa kurasa nne, na bei yake iliuma kuliko kitu kingine chochote kwenye hesabu zetu.

Jamaa yetu alirudi Septemba. Alishuka na begi moja na zile darubini alizonunua kwa mshahara wa kwanza. Mwajiri alimwambia asubuhi moja asije tena, na mshahara wa mwezi wa mwisho hakupata, na hakuna mahali pa kwenda kuudai, kwa sababu angeanzaje kusema alikuwa anafanya kazi gani? Wiki mbili hakutoka nyumbani. Siku hizi anakwenda geti la Chorlim mara kwa mara, anatembea na askari, anaandika majina ya ndege kwenye daftari. Anajiandaa kwa mtihani wa shaba wa chama cha waongoza safari wa Kenya, KPSGA. Kuna shaba, fedha na dhahabu. Ameniambia akipata shaba atakwenda kumwonyesha yule mama wa Arusha, kama mgeni, na pasi ya mgeni.

Wale wawili waliotaka kutumia jina la kijana wa watu wamedai sehemu yao ya chama. Tumewapa. Imebaki kama laki moja na elfu ishirini, na wakili ameshakula kidogo hapo. Mtamba hakuuzwa. Alizaa mwezi uliopita.

Juzi mzee wa Kapchorwa amenitumia ujumbe. Ana wageni wanne wanaotaka kupanda kwake Januari, kiangazi kikiwa kimekolea, na kuteremkia kwetu, kisha walale usiku mbili na waone Kitum. Anauliza kama tuko tayari kuwapokea. Leseni yetu bado haijatoka. Nimemjibu aulize kama wanaweza kungoja hadi Februari.